Mpiga Chapa Makhan Singh na Vyama vya Wafanya Kazi

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mpiga chapa mstaafu, iliyotolewa Runazi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Kamati ya sherehe iliponiandikia barua kunitaka nizungumze katika siku hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, iliniachia mwenyewe kuchagua jambo la kuzungumza. Wapo walionishauri nieleze habari za kahawa, na wengine habari za bei. Mambo hayo yana wasemaji wanaoyajua kuliko mimi, na baadhi yao mmekwisha wasikia asubuhi ya leo. Mimi nitawaeleza habari za mtu mmoja ambaye maisha yake hayakuwa ya kahawa wala pamba. Alikuwa mpiga chapa wa Nairobi, jina lake Makhan Singh, naye aliyatoa maisha yake kwa kujenga vyama vya wafanya kazi katika Afrika ya Mashariki.

Wengi wenu mwanijua kuwa jirani yenu mwenye shamba la kahawa na migomba. Wachache mwajua kwamba kabla ya kurudi nyumbani kushika jembe, nilishika herufi za risasi kwa miaka mingi katika kiwanda cha kupigia chapa mjini. Kwa hiyo habari za Makhan Singh nazieleza kama mtu aelezaye habari za fundi mwenziwe. Na kabla sijaketi nitaungama jambo moja lililonipata katika kazi hiyo, maana bila ya jambo hilo nisingekuwa na sababu ya kuwachosha leo.

Huenda mtu akauliza: mkulima wa Runazi ana shauri gani na chama cha wafanya kazi wa mjini? Nitamjibu hivi. Mkulima huuza zao lake, na mfanya kazi huuza jasho lake. Kila mmoja wao akienda sokoni peke yake, bei hupangwa na yule anunuaye. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliligundua jambo hilo mapema, wakaanzisha chama chao mwaka 1925, nacho mwaka 1933 kikageuka kuwa Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU. Wenzetu wa Bukoba wakapata chama chao kikuu mwaka 1950. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa wamechoka na mizani ya wanunuzi, wakaungana hata mwaka 1955 vyama vyao vikawa shirikisho moja. Mwaka huo huo wa 1955, mwezi wa Oktoba, wafanya kazi wa Tanganyika nao waliunda Shirikisho la Wafanya Kazi, TFL, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa Rashidi Kawawa. Mnaona, basi, kwamba vyama vya aina hizi mbili vilikua katika nchi yetu kama ndugu wa tumbo moja, mmoja akikaa shamba na mwingine mjini.

Sasa nirudi kwa mtu wetu.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika nchi ya Punjab, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya Waingereza na sasa imo katika Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala aliyekuja Kenya kufanya kazi ya reli. Mwaka 1927 kijana alivuka bahari pamoja na mama yake kumfuata baba, akiwa na umri wa miaka 13, akaingia shule Nairobi. Alikuwa hodari wa masomo, na mwaka 1930 akashinda mtihani wa London uliokuwa mlango wa kuingilia chuo kikuu. Lakini fedha ya kumpeleka mbele haikuwapo. Wakati huo baba yake alikuwa amekwisha anzisha kiwanda kidogo cha kupigia chapa, na mwaka 1931 Makhan Singh akaingia kazini humo.

Wenzangu, ruhusuni nieleze kidogo kazi hiyo ilivyokuwa, kwa ajili ya vijana ambao wamezaliwa wakati wa kompyuta. Mpanga herufi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vingi vidogo, kila herufi na chumba chake. Alichukua herufi moja moja kwa vidole, akazipanga katika chuma alichokishika mkono wa kushoto, na maneno yote aliyasoma yakiwa yamegeuka nyuma mbele, kama mtu asomaye katika kioo. Ukurasa mmoja uliweza kumaliza saa nyingi. Kisha wino ulipakwa, karatasi ikashindiliwa, nakala ya kwanza ikasomwa kutafuta makosa. Kazi hiyo ilimchosha mtu miguu na macho, lakini ilikuwa na jambo moja la ajabu: mpiga chapa alisoma kila kitu. Tangazo la mwenye duka, amri ya Serikali, hesabu za kampuni, mashtaka ya mahakama, yote yalipita mikononi mwake kabla hayajawafikia watu. Aliyekuwa na akili ya kufikiri hakukosa kuijua nchi yake.

Makhan Singh aliiona nchi ikiwa imegawanyika matabaka matatu. Mzungu alikuwa na mshahara wake, Mhindi wake, na Mwafrika wake, ambao ulikuwa mdogo kuliko yote, tena ilimlazimu kuchukua kipande kila aendako. Mafundi wa Kihindi, maseremala na waashi, walifanya kazi kwa saa nyingi bila kikomo kinachojulikana. Walikuwa wamejaribu kuunda chama chao, na mwezi wa Machi 1935 wakamchagua Makhan Singh kuwa katibu bila mshahara. Alikuwa kijana wa miaka 21.

Hapa ndipo pa kutazamwa kwa makini. Jambo kubwa la kwanza la katibu huyo lilikuwa kubadili jina la chama na kufungua mlango wake. Chama kilikuwa kikiitwa Chama cha Wafanya Kazi Wahindi. Mwezi wa Aprili 1935 kikaitwa Chama cha Wafanya Kazi cha Kenya, na katika kanuni zake ikawekwa kwamba mfanya kazi ye yote aweza kuingia, pasipo kuuliza kabila lake, dini yake, wala rangi ya ngozi yake. Fikirini wakati wenyewe. Katika mji ambao hospitali, shule na hata vyoo vilitengwa kwa rangi, kikatokea chama kimoja kisichouliza rangi. Waafrika hawakumiminika mara moja. Mashaka yalikuwa mengi, na sababu zake zilikuwa za haki. Lakini mlango haukufungwa, na mwaka 1939 Waafrika kama Jesse Kariuki na George Ndegwa waliketi katika kamati ya chama hicho pamoja na Wahindi.

Mwaka 1936 chama kiliwatangazia waajiri kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba kazi iwe saa nane kwa siku. Matangazo ya chama yalitolewa kwa lugha kadha wa kadha, Kiswahili kikiwamo, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuarifiwa. Mwaka uliofuata, 1937, chama kikadai nyongeza ya mishahara, na waajiri wa Nairobi walipokataa, mafundi wakaweka vyombo chini mwezi wa Aprili. Mgomo ule ulidumu siku 62.

Ninyi ni watu wenye watoto na madeni. Hesabuni wenyewe siku 62 bila mshahara. Sitaki mdhani kwamba watu wale walikuwa wamekunywa dawa ya ujasiri. Walivumilia kwa sababu mbili. Kwanza, kila uamuzi ulipitishwa katika mkutano wao wenyewe, si na mtu mmoja chumbani. Pili, walijua wanadai nini, maana madai yalikuwa yameandikwa na kila mtu aliweza kuyasoma au kusomewa. Mwezi wa Juni wakarudi kazini wakiwa wamepata nyongeza ya kati ya 15 na 22 kwa kila mia, na siku ya kazi ya saa nane, na wagomaji wakapokewa tena kazini. Hawakupata yote waliyodai, maana walikuwa wamedai 25 kwa kila mia. Lakini chama ambacho miaka miwili nyuma kilikuwa jina tu, sasa kilikuwa kitu kinachoshikika. Mwaka huo huo kikajiita Chama cha Wafanya Kazi cha Afrika ya Mashariki, kikiwa na nia ya kuwahudumia na majirani wa Uganda na Tanganyika, na Serikali ikakiandikisha kwa sheria mpya ya vyama.

Mwisho wa mwaka 1939 Makhan Singh alikwenda Bara Hindi. Vita vilikuwa vimeanza, na Waingereza hawakutaka mtu wa namna yake atembee huru. Wakamkamata mwezi wa Mei 1940, wakamweka kizuizini, kwanza gerezani, kisha wakamfungia katika mipaka ya kijiji chake, hata Januari 1945. Alipofunguliwa alifanya kazi ya gazeti, akarudi Kenya mwezi wa Agosti 1947. Mara hiyo Serikali ya Kenya ilijaribu kumwondosha nchini. Yeye akasema kwamba Kenya ni kwao, naye hatoki.

Alirudi wakati wafanya kazi wa pwani na bara wameamka. Januari 1947 Mombasa nzima ilikuwa imegoma, na kiongozi wa wafanya kazi wa huko, Chege Kibachia, baadaye mwaka huo akahamishwa kwa nguvu. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukaenea bara kwa njia ya reli. Kila mahali watu walikuwa wakiunda vyama vidogo vidogo, na kila chama kilipigwa peke yake.

Basi tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa vya Kenya viliungana kuwa Baraza la Vyama vya Wafanya Kazi wa Afrika ya Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, na Katibu Mkuu alikuwa Makhan Singh. Angalieni waliokuwamo: wafanya kazi wa magari na uchukuzi, mafundi cherahani, washona viatu, na, kwa furaha yangu, wapiga chapa. Ninyi wanachama wa vyama vya msingi mwaelewa maana ya jambo hilo kuliko mtu mwingine ye yote, kwa kuwa ndivyo Chama Kikuu chetu kilivyojengwa: vyama vidogo vimeungana bila kupoteza majina yao, ili vipate sauti moja.

Serikali ilikataa kuliandikisha Baraza hilo. Lakini halikunyamaza. Machi 1950, Nairobi ilipotunukiwa daraja la jiji kwa shangwe kubwa, Baraza liliwashauri wafanya kazi wasishiriki, likiuliza jiji ni la nani ikiwa wajenzi wake wanalala watu wengi katika chumba kimoja. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, ulifanyika mkutano mkubwa wa Waafrika na Wahindi. Hapo Makhan Singh akasimama na kutoa azimio la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Wakati huo hata wanasiasa wengi walikuwa wakiomba viti vichache tu katika Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga chapa akaomba nchi nzima.

Majuma manne hayakutimia. Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Kesho yake wafanya kazi wa Nairobi wakagoma, wakidai viongozi wao wafunguliwe, na pia mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ukadumu zaidi ya juma moja, askari na magari ya vita yakizunguka mitaani. Ulipokwisha, viongozi walikuwa wangali ndani.

Makhan Singh hakutoka. Tangu mwezi wa Juni 1950 aliwekwa kizuizini huko Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Vita vya Mau Mau vikaanza na kwisha yeye akiwa kizuizini. Tanganyika ilipiga kura zake za mwaka 1958 na 1960 yeye akiwa kizuizini. Akafunguliwa Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11. Katika muda huo mke wake, Satwant Kaur, alilea watoto watatu pasipo baba yao. Tunapotaja majina ya watu wakubwa wa vyama, ndugu zangu, tusiwasahau walioachwa nyumbani. Nawatazama mama zetu walioketi mbele hapa. Wao wanajua ninachosema.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mtu angedhani kwamba yule aliyeudai hadharani mwaka 1950 angepewa kiti cha heshima. Hakupewa. Wala hakuzunguka akilalamika. Aliketi akafanya kazi ambayo ndiyo hasa iliyonifikisha kwake: alikusanya karatasi. Kumbukumbu za mikutano, matangazo, barua, madai, hesabu, alivipanga vyote, akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya tangu mwanzo hata mwaka 1952, na kitabu kikatolewa Nairobi mwaka 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Kitabu chake cha pili kilitoka mwaka 1980, baada ya yeye kufa, na karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hizo ndizo habari za Makhan Singh kwa ufupi. Sasa niungame.

Katika miaka ya themanini, kiwanda nilichofanya kazi kilipata oda ya vitabu vya stakabadhi kutoka chama kimoja cha mazao. Sikitaji kiwanda wala chama. Baadhi ya wahusika wamekwisha fariki, nami si hakimu. Ilikuwa kazi ya kawaida: jina la mkulima, uzito, daraja, kiasi alicholipwa, na namba ya stakabadhi iliyopigwa kwa mashine ya namba. Nilipanga herufi mimi mwenyewe. Katika kasha langu palikuwa na herufi K moja iliyovunjika mguu, na kwa kuwa herufi zilikuwa chache niliitumia hivyo hivyo katika neno KILO.

Baada ya majuma machache akaja mtu jioni, baada ya saa za kazi. Alitaka vitabu ishirini zaidi. Lakini hakutaka namba ziendelee mbele. Alitaka zianze pale pale zilipoanza zile za kwanza. Nilimtazama msimamizi wangu. Akaniambia, "Sisi kazi yetu ni kupiga chapa." Nikairudisha mashine ya namba nyuma. Malipo yalikuwa taslimu, nasi tukapewa kila mtu kitu kidogo. Nilikipokea.

Mwaka wa pili yake nilikuwa safarini, nikaketi karibu na mzee mmoja mkulima. Alikuwa ameishika karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika. Akanieleza kwamba amekwenda ofisini kudai malipo ya pili, akaambiwa stakabadhi yake si ya kweli, maana namba hiyo katika daftari ni ya mtu mwingine na uzito mwingine. Akaninyoshea niisome, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Nikaiona K yenye mguu uliovunjika.

Sikumwambia neno. Nilimrudishia karatasi yake, nikatazama dirishani mpaka aliposhuka.

Kile kitabu cha Makhan Singh nilikipata baadaye, kwa fundi mmoja mzee aliyepata kufanya kazi Nairobi. Nilikisoma nikifahamu kwamba mwandishi alisimama mbele ya kasha la herufi kama nilivyosimama mimi, na wino ule ule ulikuwa katika kucha zake. Yeye alitumia karatasi kuwaunganisha watu wasiojuana. Mimi nilitumia karatasi kumpokonya mzee mmoja, na labda wengi, jasho la mwaka mzima. Wala siwezi kusema kwamba nililazimishwa. Niliambiwa tu kwamba kazi yangu ni kupiga chapa.

Ndugu wanachama, wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mali hupotea hata ikiwa na daftari, ikiwa mwenye mali halisomi. Mnakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya nchi yetu vilivunjwa na Serikali, na vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, nami sitaamua leo zipi zilikuwa za haki na zipi za siasa. Lakini wazee mliokuwapo mtanishuhudia kwamba chama ambacho wanachama wake hawakujua hesabu zake hakikupata wa kukililia.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wetu mambo machache, nayaomba kama fundi. Vitabu vya stakabadhi visipigwe chapa ila kwa uamuzi ulioandikwa katika kumbukumbu za kamati, ukitaja namba ya kwanza na namba ya mwisho. Oda itiwe sahihi na watu wawili, mmoja akiwa mjumbe asiyekuwa mwajiriwa. Vikifika, vihesabiwe mbele ya mashahidi, na vilivyoharibika vichomwe mbele ya mashahidi hao hao. Na mkutano mkuu wa kila mwaka usomewe ni vitabu vingapi vilitumika na vingapi vimebaki. Siku hizi wengine wanapokea hesabu zao kwa simu, na mazao yanauzwa kwa stakabadhi ghalani. Ni maendeleo mema. Lakini mtu aliyeweza kurudisha nyuma mashine ya namba ataweza pia kubadili namba katika kompyuta, na dawa ni ile ile: macho mengi.

Nanyi wanachama nawaomba moja. Usipokee karatasi yenye jina lako bila kuisoma. Asiyejua kusoma na asomewe na mtoto wake pale pale penye mizani, kabla gunia halijaondolewa. Karani mwema hatakasirika.

La mwisho ni la mlango. Katika wilaya zetu hizi tunakaa Wasubi, Wahangaza, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wasukuma na wengine waliokuja kutafuta ardhi. Wapo pia mama wajane wanaolima mashamba ambayo katika daftari yangali na jina la marehemu, na vijana wanaolima kwa kukodi. Je, wote hao wamo chamani, au wanauza kwa kupitia jina la mtu mwingine? Makhan Singh alikuta chama chenye jina la kabila moja, akalifuta jina hilo katika mwezi wake wa pili wa kazi. Hakungoja wengine wabishe hodi. Sisi tumemaliza miaka kumi. Naomba kamati zetu zichukue daftari la wanachama, zilisome jina kwa jina, na zijiulize nani anayeleta zao lake kwetu wala jina lake halimo.

Bwana Mwenyekiti, yule mzee wa safarini sikumwona tena. Sijui jina lake, wala kijiji chake. Kama angekuwapo hapa leo ningemwomba radhi mbele ya watu. Kwa kuwa hayupo, nimewaambia ninyi, na nimeiomba kamati ya kitabu cha kumbukumbu isiyaondoe maneno haya, ili yapigwe chapa pamoja na hotuba nyingine.

Nawatakia Chama Kikuu chetu na vyama vyote vya msingi miaka mingine kumi ya kazi njema, daftari safi na mizani ya haki. Mwenyezi Mungu awabariki wakulima wa Ngara na Biharamulo.

Umoja ni nguvu.